Belo la Tai

Belo la mitumba likifunguliwa Memorial, soko letu la Moshi, watu hujaa kabla kamba haijakatwa. Desemba 2016 akina mama walijazana hivyo hivyo mbele ya meza ya mama mdogo, kila mmoja akitaka awe wa kwanza kuchagua. Yeye alikuwa amelipia mashati ya kiume. Na mwaka ule belo lilikuwa ghali. Mwezi Machi wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikutana Arusha wakakubaliana mitumba ipunguzwe hadi iishe, ushuru ukapanda, na sisi wa Moshi tukauonja kwenye bei ya jumla.

Kamba ikakatwa, zikamwagika tai.

Kilo 45 za tai tupu. Za mistari, za maua, za nembo za shule za huko zilikotoka. Watu wakatawanyika. Mama mdogo alianzia biashara Kiboriloni, hasara anazijua, lakini siku ile alikaa kwenye kigoda akashika magoti. "Krismasi ndiyo hii, mwanangu," akasema. "Ada za Januari zimelala hapo chini."

Asiyeijua Desemba ya Moshi hawezi kuelewa uzito wa maneno hayo. Wachaga wanapanda kutoka Dar na kila walikotawanyika, mji unafurika, na mwenye meza hutazamia wiki hizo kuliko miezi yote iliyotangulia. Tai ananunua nani? Mchungaji, karani, bwana harusi. Tulizipanga kwa shilingi 500, jioni zikawa bado zipo.

Wakati ule nilikuwa najifunza cherehani kwa fundi mmoja pale Mbuyuni. Nikabeba furushi moja hadi nyumbani Pasua, nikaigeuza tai ya kwanza nyuma, nikaona mshono mrefu wa mkono uliopita katikati. Ni uzi mmoja tu. Ukiukata penye fundo ukauvuta taratibu, mgongo wote unafunguka. Ndani mna kitambaa kizito cha kuipa tai umbo, na nchani kipande kidogo cha bitana. Kilichonishangaza ni mkato wake: kitambaa cha tai hukatwa mshazari. Fundi alikuwa ameshanieleza kwamba mkato huo unakula kitambaa, na ndiyo maana mafundi wengi wanaukwepa, ingawa nguo iliyokatwa hivyo inavutika na kufuata mwili. Hapa upotevu ule ulikuwa umeshalipiwa Italia na mtu nisiyemjua, mimi nikabaki na faida.

Nilichomoa nyuzi kutoka tai mbalimbali nikazichoma kwa kiberiti. Za hariri zilinuka kama nywele zilizoungua, zikaacha majivu yanayosagika kwa vidole. Za polista ziliyeyuka zikaganda kuwa kidonge kigumu. Basi nikatenga mafungu mawili. Za polista zikawa mikanda: unakata upande mwembamba, unatia pete mbili za chuma, kwisha. Ncha pana za tai nilizigeuza vifuniko vya pochi, kwa sababu ile pembe imeshatengenezwa, inahitaji kishikizo tu, na tumbo la pochi nililikata kwenye suruali za jinsi zilizochanika magoti. Hariri niliitenga kwa ajili ya mikufu. Nilishona bomba jembamba, nikatumbukiza gololi za watoto moja moja, nikafunga fundo baada ya kila gololi. Kitambaa cha mshazari kinaikumbatia gololi bila mkunjo hata mmoja. Mpaka leo sijashona kitu kinachonipendeza kuliko mkufu ule.

Mama mdogo aliuvaa wa bluu juu ya gauni lake la kanisani, akajitazama kwenye kioo cha wateja, akasema, "Huu usiuze chini ya elfu saba." Ndivyo ilivyokuwa. Kufikia wiki ya Krismasi wadada waliotoka Dar walikuwa wanaulizana pale sokoni meza ya mikufu ya tai iko wapi, na fundi wangu akaniachia cherehani usiku ili nikimbizane na oda.

Siku moja akaja mama wa makamo kutoka Marangu, ana mfuko wa karatasi. Hakuwa mnunuzi. Ndani mlikuwa na tai za marehemu mumewe, aliyekuwa mwalimu, na alitaka kila binti yake apate pochi kabla hawajarudi makwao. Nikazipokea kwa mikono miwili. Moja ilikuwa bado na fundo, kama alivyoivua mwenyewe kwa kuilegeza na kuipitisha kichwani.

"Hii usiifungue, mwanangu," akaniambia. "Amefunga yeye."

Niliikalia muda mrefu kuliko kazi zote za mwezi ule. Mwishowe nikakata mikia yake miwili chini ya fundo, nikaigeuza mabomba, nikaitia gololi, nikairudisha pande zote mbili za fundo kwa mishono ya mkono isiyoonekana. Fundo la mwalimu likakaa katikati ya mkufu, pale koromeo linapoanza. Huo hakumpa binti. Aliuvaa pale pale mezani, akalipia pochi zote bila kuomba punguzo, kisha akamwomba mama mdogo kalamu aniandikie namba ya jirani yake, ambaye naye ana kabati la nguo asilojua alifanyie nini.