Bibi na mwaka wake

Leo nimempeleka bibi kwa sheha, kiongozi wa serikali mtaani kwetu, kumuandikisha Pensheni Jamii. Toka 2016 serikali ya Zanzibar inawalipa wazee wa miaka 70 na kuendelea, hata kama maisha yako yote ulikuwa unachuma karafuu tu kama bibi yangu.

Kafungua fundo la pindo la kanga, katoa kitambulisho. Kimeandikwa kazaliwa 1961! Na ami yangu mkubwa ni wa 1970.

Sheha kacheka: "Bibi, umezaa una miaka tisa?"

Bibi hakucheka. "Mwanangu, Mapinduzi yamenikuta nshavunja ungo. Hesabu mwenyewe."

Sheha kahesabu toka Mapinduzi ya 1964, kakubali, lakini karatasi haikubali. Tukarekebishe mwaka kwanza. Haya, kesho tena kwenye daladala, na magoti yake ndiyo hayo.