Jinsi nilivyopata vifaa vya kazi vinavyoufaa uoni wangu hafifu
Mwajiri alikuwa tayari kuninunulia skrini kubwa, lakini kilichonitesa hakikuwa udogo wa maandishi bali mng'ao: herufi nyeusi kwenye ukurasa mweupe zilififia kabla sijamaliza mstari. Kilichofungua njia ni barua iliyoeleza kila kazi na kizuizi chake, ikiambatana na ripoti ya daktari wa macho na kutaja Kifungu cha 27 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, kinachotaka mahali pa kazi parekebishwe ipasavyo. Niliomba kujaribu vifaa kwanza, hatua ninayoisisitiza sana, kwani NVDA, programu ya bure inayosoma skrini kwa sauti, ilinifaa kuliko kikuza maandishi cha bei kubwa. Nilipewa pia mafunzo, ambayo kwangu ni sehemu ya kifaa chenyewe.