Mungu aliyejivuta ili sisi tupate nafasi
Jamani toka sandeskuli niliambiwa Kabala, yale mafundisho ya siri ya Kiyahudi, ni uchawi, nikawa naogopa hata kulitaja jina lake. Wiki hii nimekesha nasoma, kumbe kuna rabi wa Kabala, Isaac Luria, alifariki 1572 kule Safed, Galilaya, yeye alifundisha kwamba kabla ya kuumba Mungu alijivuta akaacha nafasi ili ulimwengu uwepo, wanaita tsimtsumu. Nikafungua Wafilipi 2:7, Kristo alijifanya hana utukufu, machozi yakanitoka. Sio kitu kimoja najua, Luria anasema binadamu ndo anatengeneza kilichovunjika ulimwenguni kwa kushika amri na kuomba, mimi naamini Yesu ndo katengeneza, hapo sihami. Ila tangu juzi nikisali naanza kwa kunyamaza kwanza, muda mrefu tu.