Augustino kwa siku 30, na kwa nini uanze na Virgil

Mwezi wa kusoma huvunjika pale mtu anapochukua kitabu kimoja cha fasihi ya kale, kimoja cha historia na kimoja cha dini, vyote vitatu visivyojuana. Wiki ya pili ikifika, kila kimoja kimekwama kwenye kurasa za mwanzo. Ni afadhali kumchagua mtu mmoja na kusoma vinavyomzunguka. Sioni anayefaa kuliko Augustino, askofu na mwandishi wa Kikristo, Mwafrika aliyezaliwa Thagaste mwaka 354, mji ambao leo ni Souk Ahras, Algeria. Alibatizwa Milan mwaka 387, akafa Hippo, mji mwingine wa Algeria ya leo, mwaka 430, Wavandali, kabila la Kijerumani, wakiwa wameuzingira.

Maungamo yake, yaani simulizi la maisha yake analomwambia Mungu, yamegawanywa katika sehemu 13 zinazoitwa vitabu, kila kimoja na sura fupifupi. Usiyafungue siku ya kwanza. Siku sita za mwanzo mpe Virgil, mshairi wa Roma ya kale: Aeneid, kisa cha shujaa Aeneas, kitabu cha 1, cha 2 na cha 4 tu. Ni mistari 2,260 hivi, chini kidogo ya 400 kwa siku. Soma kwa sauti, maana ni utenzi, na ukisomwa kimyakimya huchosha haraka.

Sababu yenyewe ni hii. Katika kitabu cha kwanza cha Maungamo Augustino anaungama kwamba utotoni, shuleni, alimlilia Dido, malkia wa Carthage (karibu na Tunis ya leo) katika Aeneid, aliyejiua baada ya Aeneas kumwacha na kung'oa nanga. Sasa nenda kitabu cha 5, sura ya 8. Augustino mwenyewe yuko pwani ya Carthage, anamdanganya mama yake Monika, anamwacha kwenye kanisa dogo la shahidi Sipriano akisali na kulia, na usiku uleule anaondoka kwa jahazi kwenda Roma. Dido hatajwi hapo hata mara moja. Aliyemruka Virgil ataona kijana mkaidi na mama mwenye uchungu, basi. Aliyemsoma atasikia kilio cha pili kwenye pwani ileile, na atajua kwamba huyu wa sasa halii bure.

Historia haihitaji kitabu kizima. Nusu saa jioni yatosha, ukitafuta mambo mawili: dini ya Mani, nabii wa Uajemi aliyefundisha vita kati ya nuru na giza, ambayo Augustino aliifuata kwa miaka tisa hivi, na sababu ya makao ya kaisari kuwa Milan badala ya Roma. Bila hilo la pili hutaelewa kwa nini kazi ya kufundisha ufasaha Milan ilikuwa ngazi ya kupandia cheo.

Wengi huishia kitabu cha 9, Monika anapofariki Ostia, bandari ya Roma, wakidhani wamebakiza kidogo. Hesabu sura: vitabu 9 vya kwanza vina 134, vinne vya mwisho vina 144. Kwa hiyo vile 9 vipe siku 12, sura 11 hivi kwa siku. Kitabu cha 10 kipe siku nne, cha 11 siku tatu, na cha 12 na 13 siku tano kwa pamoja. Siku 30 zimetimia.

Tafuta toleo lenye namba za sura na aya za Biblia pembeni. Angalia pia namba za zaburi: Biblia ya Augustino ilifuata hesabu ya Kigiriki, hivyo nyingi zinapungua moja kuliko zetu. Zaburi iliyoimbwa Monika alipofariki, kwa hesabu ya Augustino, ni ya 100. Katika Biblia ya Kiswahili fungua ya 101.

Ukifika kitabu cha 11, sura ya 28, funga kitabu kwanza. Kariri Zaburi ya 23 polepole, ukiangalia jinsi maneno yanayosubiri yanavyopungua na yaliyopita yanavyoongezeka. Kisha soma sura hiyo, kwa sababu anaueleza wakati kwa mfano huohuo wa kukariri zaburi. Na kabla ya vitabu viwili vya mwisho soma Mwanzo 1:1 hadi 2:3. Kitabu cha 12 karibu chote kinazunguka aya mbili za kwanza tu, na asiyekuwa nazo kichwani hupotea mapema.