Ukirudi Newala, rudi mwezi wa tano

Wengi wetu tuliokaa miaka mingi mbali na Newala, mkoani Mtwara, hupanga kurudi mwezi wa kumi na moja, minada ya korosho ikiwa imepamba moto. Mwezi huo umeshachelewa. Korosho ya Novemba hutengenezwa kuanzia Mei hadi Septemba, na anayefuata mavuno tu hukuta mikorosho yake imejaa majani matupu.

Kabla ya kushika panga, keti na wazee wa ukoo, hasa mjomba, ujue nani alikuwa akitunza shamba na mpaka unapita wapi. Kisha ingia shambani. Shamba lililotelekezwa lina matawi yanayogusana na kivuli kizito kinachotunza unyevu, na humo ndimo ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu unaokausha maua, unamostawi. Toa matawi makavu, yanayosongana na yanayoburura chini. Nafasi nzuri ni mita 12 kwa 12, kama miti 28 kwa ekari, kwa hiyo penye msongamano mti mmoja hauna budi kuondoka. Inauma kuukata mkorosho wa babu, lakini mikorosho iliyosongana huzaa pembeni tu, palipo na jua. Machipukizi mapya yakiwa yameshatoka, gusa matawi makavu tu. Mengine yasubiri baada ya mavuno.

Halafu salfa, dawa ya kupulizia dhidi ya ubwiri, na hapa ndipo msimu hupatikana au hupotea. Usiku wa Juni hadi Agosti una baridi na umande, hali ambayo ubwiri unaipenda. Ukiona unga mweupe umetanda kwenye maua, umechelewa: salfa hukinga, haifufui ua lililokwisha kukauka. Anza maua yanapochomoza, rudia kila baada ya siku 14, mizunguko mitano. Mkorosho mkubwa huchukua gramu 250 kwa mzunguko, hivyo mfuko wa kilo 25 unatosha miti 100. Pulizia alfajiri, kabla ya upepo kuamka, umande ukiwa bado kwenye majani ili salfa ishike. Jua likishapanda, salfa inaenda kwa jirani. Funika pua na macho.

Pembejeo za ruzuku hupitia chama cha msingi cha ushirika, na asiye kwenye daftari la wakulima hapati. Basi jiandikishe mapema, uwe na akaunti ya benki yenye jina lilelile, kwani malipo ya mnada huingia huko. Herufi moja ikitofautiana, fedha hukwama.

Kuelekea Septemba fyeka chini ya miti na uzungushie shamba njia ya kuzuia moto. Usitikise matawi, okota korosho zilizoanguka, tenganisha na bibo (tunda lake), anika juani siku mbili hadi tatu. Chukua moja, itikise sikioni: iliyokauka inagonga ndani. Zenye unyevu hukataliwa ghalani au hushuka daraja. Na usimkubalie mtu wa kangomba anayekuja na fedha taslimu kabla ya msimu; biashara hiyo imepigwa marufuku, na bei yake inamla mkulima. Bei ya mnada nayo hupanda na kushuka, usijenge nyumba kwa bei ya mwaka jana. Mwaka 2018 wakulima waligoma kuuza, hadi Serikali ikaamua kununua kwa shilingi 3,300 kwa kilo.

Ukijenga, anza na maji. Mji uko juu, ukingoni mwa uwanda wa Makonde, na mchanga wake humeza mvua yote. Maji ya ardhini yako mbali sana, chemchemi ziko mabondeni. Mvua ni msimu mmoja, Desemba hadi Aprili hivi. Chimba kisima cha kuvunia maji ya paa kabla ya kupaka hata rangi. Bati la mita za mraba 80 likipata mvua ya milimita 100 linatoa karibu lita 8,000. Kisima kifunikwe kisiingie mwanga, mfereji uwe na wavu, na mvua ya kwanza uiache imwagike nje, maana inaosha vumbi la kiangazi kizima.