Gitaa langu lilikuwa mlango

Jamani leo nimefunga nyuzi kwa mara ya kwanza na gitaa limelia!! Bodi (kiwiliwili cha gitaa) nimeitoa kwenye mlango wa zamani uliokuwa unatupwa, mbao imekauka miaka na miaka haipindi ovyo, ila misumari sasa... nilipitisha sumaku kila kona nikang'oa yote nikajua nimemaliza, kumbe kuna skrubu ya shaba na shaba sumaku haiishiki, randa ikapiga hapohapo kisu kikapata pengo, nilikaa chini dakika 10 naangalia tu.

Shingo ndo ilinitoa jasho. Toka nati (kipande cha juu ya shingo nyuzi zinapopitia) hadi freti ya 12 (freti ni vile vyuma vya kukatiza shingo) nimepima milimita 324, na toka hapo hadi kwenye briji (pale nyuzi zinapokalia kwenye bodi) 324 zilezile (unaongeza kidogo tu ukiwa unasawazisha sauti), ukikosea hapo freti zote zinaimba uongo hata ukaze nyuzi vipi.

Brian May, mpiga gitaa wa bendi ya Queen, na baba yake walianza kutengeneza gitaa lao 1963, shingo waliitoa kwenye mbao ya meko ya zamani, kwa hiyo msinicheke.

Tundu la kitasa sijaliziba, swichi ya pikapu (kile kinachonasa sauti ya nyuzi) imekaa humohumo utadhani lilitobolewa kwa ajili yake 😂