Joistiki ya mikono midogo

Kompyuta ya Commodore 64 niliyoachiwa na mjomba bado inawaka, na ni ya miaka ya 1980! Shida ni joistiki, kile kifaa chenye mpini cha kuchezea michezo. Mpini wake mgumu. Binti yangu wa miaka mitano akiusukuma kushoto, joistiki nzima inaburutika mkekani. Akiizuia kwa mkono wa pili, hana wa kufyatulia. "Baba, haitaki," ananiambia, na ana haki.

Jumamosi nikazunguka Mwembe Tayari mpaka miguu ikaniuma. Kila duka natolewa pedi za USB, nami nataka plagi ya pini tisa, ile ile ya Atari 2600, mashine ya michezo ya zamani. Moja nilinunua shilingi mia nane kwa kuwa iliingia vizuri. Kuingia iliingia, kufyatua haikufyatua.

Lakini ndani ya joistiki hizi hamna uchawi. Ni swichi tano: juu, chini, kushoto, kulia na kufyatua. Kila moja ikibanwa huunganisha pini yake na pini ya 8, basi. Nikampelekea fundi redio wa Majengo kisanduku cha mbao na vitufe vitano vipana kama vifuniko vya soda, chekundu kikiwa cha kufyatulia. Chini tukagandisha vipande vya ndara kuukuu. Sasa hakitelezi hata akikipiga ngumi, na hukipiga.

Jana alicheza mpaka adhana ya magharibi. Kumbe tulibadilisha waya za juu na chini. Keshazoea, na amenikataza kuzigusa.